Bibi Hakuwa Bubu

Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana katika hoteli moja ya ufukweni mjini Musoma, nikarudi nyumbani kwangu Kabasa na njaa. Wanaonijua wanajua kwamba mimi si mtu wa kumwacha sato wa kukaanga mezani. Nilimwacha mzima, na macho yake, kwa sababu kama ningekaa kidogo zaidi mle ukumbini ningesema maneno ambayo mwalimu mstaafu hasemi mbele ya wageni. Ilikuwa sherehe ya kukutana tena. Walikuwepo wazungu waliokuja Mara wakiwa vijana, wakati wa likizo yao ndefu, kujifunza Kiswahili kwa kukaa majumbani mwetu, na tulikuwepo sisi tuliowafundisha. Wengine walikuja na waume, wengine na vipara. Tulikumbatiana, tukaonyeshana picha za wajukuu, tukacheka. Kisha akasimama Hana kutoa hotuba.

Hana ndiye aliyekaa nyumbani kwetu Nyasho, mtaa mmoja wa Musoma. Siku hizi ni profesa huko kwao, na Kiswahili chake, nisiwe mchoyo, kinapita cha wengi tuliokuwa mle ndani. Alisema anataka kumkumbuka mwalimu wake wa kwanza. Nikajiweka vizuri kwenye kiti, maana mwalimu wake wa kwanza ni mimi. Kumbe si mimi. Akaanza kusimulia habari za bibi kizee mmoja bubu, aliyeishi katika chumba cha uani, asiyeweza kutamka hata neno moja, lakini kila jioni alimshika mkono na kumfundisha kwamba upendo hauhitaji lugha. Alisema kisa hicho amewasimulia wanafunzi wake wote, mwaka hadi mwaka. Mama mmoja wa meza ya mbele akafuta machozi. Watu wakapiga makofi. Na mimi, mjukuu wa huyo anayeitwa bubu, nikasikia damu inanipanda mpaka masikioni. Nilimfuata kwenye meza ya vinywaji nikamwambia, "Hana, bibi yangu hakuwa bubu." Akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemwangalia mfiwa. "Lakini mwalimu," akasema, "alikuwa hasemi." Kabla sijajibu wakaja wenzake wakamvuta kwenda kupiga picha. Basi naandika, maana hapa hakuna wa kumvuta mtu mkono.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, nakaa Nyasho kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na uani kulikuwa na jiko la kuni, choo, na kichumba cha bati ambamo mama mkubwa aliweka magunia ya dagaa aliyokuwa akiuza sokoni. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na kiti kimoja cha mbao chenye mgongo ulionyooka, ambacho hakuna aliyekikalia isipokuwa bibi, mama yao mama mkubwa na mama yangu. Kiwanja cha nyumba ile kilinunuliwa kwa ng'ombe wa bibi. Watu hupenda kusahau mambo ya namna hii wanapomwona mzee amejikunyata pembeni. Mimi sijayasahau na sina mpango wa kuyasahau.

Bibi alikuwa ameletwa kutoka kijijini Murangi kutibiwa kifua. Kifua kilimsumbua, mdomo ulikuwa mzima kabisa. Aligombana na kuku. Aligombana na mtangazaji wa redio, akimwambia ameze mate kwanza ndiyo aendelee. Tukimletea furu, wale samaki wadogo wa ziwani wenye miiba kuliko nyama, alitueleza wamevuliwa upande gani wa ziwa, na ukibisha alikutajia mvuvi mwenyewe na tabia mbaya za babu yake huyo mvuvi. Yote hayo kwa Kijita. Kiswahili hakukijua na hakuona kwa nini akijue. Kwake ilikuwa lugha ya watu wa kodi. Jirani zetu, ambao wengi hawakuwa Wajita, walikuwa wanakuja kukaa naye jioni hata bila kuelewa nusu ya anachosema, kwa sababu alikuwa anasema kwa mikono, kwa nyusi, kwa kupiga mapaja, na mwisho kila mtu alicheka. Huyo ndiye bubu wa Hana.

Asubuhi hakuna mtu wa nyumba ile aliyenawa uso kabla ya kumwamkia. Ulipiga goti kidogo mlangoni kwake, ukamsalimu kwa Kijita, naye akaitikia bila haraka, akikuuliza umelalaje, umeota nini, nani alikuwa anakohoa, na mwisho akakutaja kwa jina la marehemu uliyerithi jina lake. Hapo ndipo siku yako ilipofunguliwa. Mzee akinyamaza bila kuitikia, ujue limeharibika jambo, na mtu anarudi ndani kujiuliza amekosa nini. Sasa mama mkubwa alikuwa amerithi jina la mama yake bibi. Kwa hiyo kila asubuhi mwanamke yule mnene, mwenye sauti ya sokoni, aliyeogopwa na wachuuzi wote wa dagaa, alipiga goti, na mama yake mzazi akamwitikia, "Ee, mama yangu." Alikuwa anainuka pale akiwa na uso wa mtoto. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nimeuona uso huo mara nyingi, na ndiyo maana hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Kisha ukaja mpango wa lugha. Chuo kimoja cha ng'ambo kilileta vijana wake na kuwagawa majumbani, wengine Nyasho, wengine huku Kabasa, Bunda, na wiki za mwisho wote Butiama. Wazo lenyewe silipingi. Kijana akikaa na watu, akala nao, akasikia lugha kutwa nzima, ataishika tu, apende asipende. Mama mkubwa alipoambiwa kwamba atapata mgeni, na kwamba mimi nitakuwa mwalimu wa mgeni huyo, alifurahi mpaka akasakafia choo. Alipaka sebule rangi, akanunua vikombe vya udongo, akawatangazia wanawake wenzake wa jumuiya kwamba anapokea mtoto kutoka Ulaya. Msidhani ilikuwa tamaa. Kwetu mgeni ni heshima ya nyumba, na yeye alikuwa mjane ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyempigia hodi isipokuwa wanaotaka dagaa.

Mpango ulikuwa na msimamizi wake, tuliyemwita Mratibu. Jina lake nalihifadhi; yuko hai na ana watoto. Wengine wakisikia kisa hiki hudhani alikuwa mzungu, au mtu wa pwani aliyekuja kutudharau. Hapana. Alizaliwa Majita, si mbali na Murangi, na Kijita alikijua kuliko mimi. Siku alipokuja kukagua nyumba, viatu vinang'aa, bibi akiwa kwenye kiti chake alimkaribisha na kumwuliza kwa Kijita, "Mwanangu, wewe ni wa nani kule kwetu?" Kwa mtu wa Majita swali hilo halikwepeki. Ukiulizwa unataja baba, unataja babu, mnatafutana mpaka mpatane undugu. Mratibu akasema, "Shikamoo bibi," akampa mgongo na kuanza kupima kitanda cha mgeni. Bibi alibaki ameinua mkono hewani. Mimi nilikwenda jikoni kuchemsha chai, na kupitia dirishani nikamsikia akiongea na mama mkubwa.

"Mama, sisi tuna sheria moja tu. Ndani ya nyumba ni Kiswahili tupu. Siyo Kiingereza, siyo kilugha."

"Sawa kabisa, baba."

"Sasa huyu bibi?"

"Huyu ni wa hapa hapa. Jioni anakaaga hapo sebuleni anaongea mambo yake, hasumbuagi mtu."

"Ndo hayo mambo yake mama. Mgeni atachanganyikiwa, na ofisi itaniuliza mimi. Wenzako wa Kabasa wameshajipanga. Na kuna nyumba ingine hapa hapa Nyasho, tangu juzi wananiomba huyo mgeni."

Nikasikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe kisichokuwa na chai.

"Hapana, usimpeleke huko," mama mkubwa akasema. "Tutajipanga na sisi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Wenyeji wa nyumba ile hatukupona. Magunia ya dagaa yalisogezwa upande mmoja, kikawekwa kitanda cha kamba, na bibi akahamishiwa kichumba cha bati. Mama mkubwa alimwambia kwamba sebuleni kuna baridi, si nzuri kwa kifua. Bibi aliangalia ukuta wa bati, akaangalia nyumba ya matofali, akauliza kwa Kijita, "Hiyo baridi ya Nyasho inapita kwenye matofali, inaogopa bati?" Mimi nilipobaki na mama mkubwa jikoni nilimwuliza wazi, "Mama mkubwa, unamficha mama yako?" Akanigeukia na mwiko mkononi. "Nani kafichwa? Mlango si uko wazi? Wee Vero, usiniletee maneno ya shule. Wageni wanakujaga wanaondoka. Huyu akiondoka, mama anarudi kwenye kiti yake. Kwani atakufa?" Nikamwuliza na chakula je. "Utampelekea," akasema, akaendelea kusonga.

Nyumbani kwetu tonge la kwanza lilikuwa la bibi. Alilimega, akashukuru kwa maneno yake, ndipo mikono mingine ikaingia kwenye sinia. Jioni ya kwanza ya Hana ugali wa muhogo na mtama uliletwa mezani unatoa mvuke, na mkono hata mmoja haukwenda. Tulikaa tunautazama. Hana, binti mwembamba mwenye pua iliyobabuka kwa jua, alidhani tunasali, akafumba macho. Mama mkubwa akakohoa, akasema, "Kula mwanangu, karibu, kula," na Hana, kwa adabu kabisa, akamega tonge la kwanza. Sahani ya bibi nilikuwa nimeshaipeleka kule nyuma.

Lipo jambo jingine nililolisikia hotelini kabla ya hotuba. Mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa Kabasa miaka ile alikuwa ananichekesha kwa kusimulia walivyokuwa wanaivunja ile sheria. Walijificha nyuma ya banda la mbuzi, anasema, kuongea Kiingereza dakika mbili tatu, maana vichwa vilikuwa vinawauma. Sheria ilikuwa kiapo chao wao wanafunzi, walikitia sahihi kwao kabla ya kupanda ndege. Nikamwuliza, "Na wenyeji? Wenyeji walikuwa wamekatazwa nini?" Akashangaa. "Wenyeji? Nani anaweza kuwapangia watu lugha ya kusema nyumbani kwao?" Nilicheka naye, na kicheko kikaniishia mdomoni. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiwalaumu watu wa mbali kwa sheria ambayo hawakuitunga. Mtoto wa Majita ndiye aliyeirefusha mpaka ikamfikia bibi, ili ofisi imwone hodari. Na sisi, tunaobishana na kila mtu sokoni mpaka bei ya kiberiti, hatukumwuliza hata mara moja imeandikwa wapi.

Mwanzoni bibi alikuwa akijisemea kule kichumbani kwa sauti ya chini, anaimba, anasuta kuku, na mama mkubwa alimwomba tu apunguze mgeni akiwepo. Kisha ikaja ile Jumapili. Mratibu alikuja kula nasi baada ya misa, aone maendeleo. Hana alikuwa amemwona bibi mlangoni mwa kichumba, na kwa maneno machache aliyokuwa nayo akauliza, "Bibi ni nani? Kwa nini hali hapa?" Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika nyumba ile mwaka mzima, na aliyeuliza ni mgeni. Mama mkubwa akafungua mdomo. Mratibu akamtangulia. Akasema polepole, kama wanavyosemeshwa wanafunzi, "Bibi ni mgonjwa. Hawezi kusema. Ni bubu," na akagusa midomo yake kwa vidole, kisha akatikisa kichwa. Nikasema kwa nguvu, "Anasema! Anasema kutuzidi sisi wote!" Mratibu akacheka sana. "Huyu Vero ana utani. Watu wa Mara wana utani." Neno utani nilikuwa nimemfundisha Hana siku hiyo hiyo. Alifurahi kulitambua, na yeye akacheka.

Nilimwangalia mama mkubwa. Nilimsubiri. Mtu alikuwa amemwita mama yake bubu, mezani kwake, katika nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha ng'ombe wa huyo mama, na yeye ndiye pekee ambaye neno lake lingesikilizwa. Mkono wake wenye upawa wa mlenda ulisimama hewani. Kisha ukashuka, akamwongezea Mratibu mboga. Nimesimulia jambo hili kwa watu, nao huniambia nimsamehe, alikuwa mjane, alikuwa anaogopa kuaibika. Nimemsamehe, tumezeeka pamoja na nimemzika kwa mikono yangu. Lakini kusamehe hakunifanyi nione kwamba kilichofanyika kilikuwa kidogo.

Mlango wa kichumba ulikuwa wazi, na neno bubu lipo kila mahali, hata Murangi linajulikana. Nilipompelekea bibi chakula alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono magotini. Akaniuliza kwa Kijita, "Yule mtoto wa Majita ameniita bubu?" Sikuweza kumdanganya. Nikasema ndiyo. Akanawa mikono, akaikausha taratibu kwenye khanga yake. Kisha akauliza, "Na mama yangu alimjibu nini?" Ilinichukua muda kuelewa kwamba anamwuliza binti yake. Nikasema, "Hakujibu kitu." Bibi akala chakula chote, akanirudishia sahani. Tangu pale sikumsikia tena. Kuku walipita mlangoni kwake salama. Kesho yake alfajiri mama mkubwa alipiga goti kwenye mlango wa bati kumwamkia, kwa kunong'ona, mgeni asiamke, na bibi akamtazama tu. Mama mkubwa alirudi jikoni akasema, "Mama ameelewa. Ananisaidia." Alilisema hilo akiwa ameupa mgongo mlango, na sauti yake haikuwa ile ya sokoni.

Sina ugomvi na Hana wa mwaka ule. Alikuwa mtoto wa watu aliyefika mbali, mwenye bidii na tumbo la kuhara. Masomo yetu tuliyafanyia uani, kwenye ukuta wa kichumba, kwa sababu asubuhi ndipo palipokuwa na kivuli. Alirudia sentensi kwa sauti kubwa, tena na tena, za kujitambulisha, za kushukuru, za kuomba ruhusa, na nyuma yetu kwenye kidirisha cha wavu bibi alikaa anachambua dagaa. Nilipomwambia tena kwamba bibi anasema, alicheka akasema, "Utani!" Jioni Hana alikwenda kukaa naye kwenye kizingiti. Walishikana mikono, bibi alimsuka nywele zile laini zisizotaka kushika msuko, wakatazama kuku wakiingia kulala. Ugomvi wangu ni na hicho alichokibeba kwenda nacho. Aliona mtu aliyenyamazishwa, akadhani ameona hekima. Na mtu mwenye akili kama yake, aliyejifunza lugha yetu mpaka akawafundisha wengine, hakurudi hata siku moja kuuliza kama mwalimu wake alikuwa na jina.

Wiki za mwisho niliandamana naye kwenda Butiama, na huko ndiko hasira yangu ilikopata macho. Tulifikia kwa mzee mmoja mfugaji, Mzee Magoti. Mratibu alipoanza wimbo wake wa Kiswahili tupu, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akichokonoa meno. "Sawa," akasema. "Sasa ng'ombe nitawaita na lugha gani?" Watu wakacheka. Mzee hakucheka. "Mke wangu anajuaga Kiswahili cha kanisani tu. Nyumba ni yake hii. Mgeni wako tunampenda, atakula, atalala, tutaongea naye. Lakini mwenye nyumba hanyamazi. Kama haiwezekani, barabara ndo ile." Mratibu akasema hakuna shida, mzee wangu, hakuna shida kabisa. Akanywa maziwa ya mgando, akaondoka. Hakuna kilichotokea. Mbingu hazikuanguka, mgeni hakuhamishwa. Usiku na mchana mama wa nyumba ile alipiga soga kwa Kizanaki, lugha ya kwao, katikati ya sebule, na Hana alijifunza Kiswahili chake vizuri tu, na salamu za Kizanaki juu yake. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia, si kwa huzuni. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba lango lililomfungia bibi yangu halikuwa na kufuli.

Siku ya kuondoka Hana alirudi Nyasho kuaga. Alilia kichumbani, na bibi akamfuta machozi kwa ncha ya khanga. Gari lilipotokomea nikamweleza mama mkubwa kila nililoliona Butiama, na sikuchagua maneno. Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, akanisikiliza bila kunikemea. Kisha akanawa uso, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda mwenyewe kichumbani. Akamshika mama yake mkono, akamleta sebuleni, akamkalisha kwenye kiti chake. Ulikuwa mchana, mlango uko wazi, majirani wanapita. Mama mkubwa akarudi mlangoni, akapiga magoti yote mawili, akamwamkia kwa Kijita, salamu nzima, kwa sauti ambayo nyumba ya tatu waliisikia.

Bibi akamtazama. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akasema kwa Kiswahili safi, kila neno limekatwa peke yake:

"Hujambo. Mimi ninaitwa Nyangeta. Ninatoka Murangi. Ninafurahi kukufahamu."

Mama mkubwa akacheka. Na mimi nilicheka, tukadhani tumerudishiwa bibi yetu na vituko vyake. Kumbe mwanafunzi wangu wa kweli alikuwa upande wa pili wa ukuta. Bibi hakucheka. Mama mkubwa akaanza salamu upya, na bibi akamsubiri amalize, kama unavyomsubiri mtu wa ofisini. "Asante kwa chakula," akasema. "Chakula ni kitamu. Ninaomba kwenda nyumbani."

Tulimrudisha Murangi. Hata kabla hajashuka kwenye gari alikuwa ameshaanza kumporomoshea mtu matusi ya Kijita kwa sababu ya mbuzi aliyeingia kwenye muhogo wake, na kijiji kizima kikaja kumsikiliza. Tukashukuru Mungu, tukasema hasira imekwisha. Lakini mama mkubwa alipokwenda kumwona, na sukari na sato, mazungumzo yalikatika alipofika mlangoni, na bibi akamkaribisha kwa Kiswahili. Akamwuliza habari za safari. Akamwambia karibu kiti. Alikwenda tena na tena, na kila mara alipokewa vizuri, kama mgeni. Wazee walimsihi bibi, padri alimsihi, naye akawajibu wote kwa Kijita chake kitamu kwamba yeye hana ugomvi na mtu.

Kifua kilipozidi tuliitwa sote. Ilikuwa kabla sijaenda chuo. Tuliingia mmoja mmoja, tukapiga goti kando ya kitanda, tukasalimu, naye kila mmoja akamwitikia na kumtaja kwa jina alilorithi, kwa sauti ndogo lakini bila kukosea. Mimi aliniitikia, akaniambia nisome nisichoke. Mama mkubwa aliingia mwisho. Alisalimu kwa Kijita, machozi yanamshuka mpaka kifuani, akasema, "Mama, ni mimi. Ni mimi mama yako." Bibi akafungua macho, akamtazama kwa adabu zote.

"Samahani," akasema. "Sielewi. Tafadhali sema polepole."

Mama mkubwa akasema tena, polepole.